Asiyeumwa Naye Aende Kliniki

Mwezi wa Septemba 1986, wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipokutana mjini Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimwendea Rais Museveni akampa habari nzito. Uganda ilikuwa imepeleka askari 60 nchini Kuba kwa mafunzo. Madaktari wa huko waliwapima damu, na 18 kati yao wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Rais amekisimulia kisa hiki hadharani mara nyingi, nasi tulioingia jeshini miaka mingi baadaye tulikisikia tungali makadeti.

Jambo ambalo halisemwi sana katika kisa hicho ni kwamba askari wale 18 hawakuwa wamelala kitandani. Walikuwa wamechaguliwa kwenda mafunzoni, na hakuna mkuu wa kikosi anayempeleka mgonjwa mafunzoni ng'ambo. Lau wangeulizwa siku ile walipopanda ndege, kila mmoja angeapa kuwa ni mzima. Kipimo ndicho kilichojua zaidi kuliko mwili wa mwenyewe. Kutokana na habari ile taifa lilianza kusema kwa sauti jambo ambalo mataifa mengine yalilificha, na mwaka 1990 kikafunguliwa mjini Kampala kituo cha watu kupimwa kwa hiari, kimojawapo cha mwanzo kabisa katika Afrika kusini mwa Sahara. Leo kijana wa kijijini hashangai akiambiwa akapime virusi kabla ya ndoa. Tumejifunza somo hilo kwa gharama kubwa mno, kwa makaburi mengi, na hapana budi kulishika.

Lakini somo lenyewe tumelishika nusu. Tumelishika kwa ugonjwa mmoja, na kwa magonjwa mengine yanayotuvizia kwa ukimya uleule tumebaki kungoja mpaka mtu aanguke.

Namkumbuka sajini mmoja aliyetufundisha gwaride katika shule ya makadeti. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye sauti iliyofika upande wa pili wa uwanja bila kipaza sauti. Kila alfajiri alitukagua kuanzia kofia hadi kamba za viatu. Bunduki aliifungua mwenyewe akatazama ndani ya mtutu, na ole wake kadeti ambaye mtutu wake ulionekana safi kwa nje tu. Madereva nao hawakuruhusiwa kuwasha gari kabla ya kukagua mafuta, maji na magurudumu, hata kama gari lilirejea jana yake bila kasoro yoyote. Hatukumwuliza kwa nini. Tulijua kwamba kitu kinachokaguliwa kila siku hakikuachi njiani.

Alistaafu akarudi kwao kulima ndizi. Miaka michache baadaye nilipata habari kwamba ameanguka shambani asubuhi moja, panga likiwa mkononi. Nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe, mkono wa kulia ukiwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alinitambua. Alitaka kusema "Afande", kwa kuwa sasa mimi ndiye niliyemzidi cheo, lakini neno lilikatika katikati. Mke wake alinisogezea kigoda, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mzee huyu hakuwahi kuugua hata siku moja."

Hospitalini walimwambia mama yule kwamba presha ya mumewe siku ile ilikuwa zaidi ya 200. Presha ya namna hiyo haizaliwi usiku mmoja. Ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kwa miaka, huku mwenyewe akilima, akibeba mikungu ya ndizi, akicheka na wajukuu. Na katika miaka hiyo alifika kwenye kituo cha afya angalau mara moja, kwa sababu alijikata mguu. Walimshona vizuri, wakampa dawa, akaenda zake. Hakuna aliyemfunga mpira wa kupimia presha mkononi. Simlaumu mtu: alipeleka jeraha, nao wakatibu jeraha. Hata hivyo nafasi ile ya dakika tatu, iliyopita bila kutumiwa, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Yatupasa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Watu wetu husema "nina presha" baada ya kugombana na jirani au kusikia habari mbaya, kana kwamba presha ni hasira ama wasiwasi, kitu ambacho mtu hukisikia kifuani na kukijua mara moja. Dhana hii imeua wengi. Shinikizo kubwa la damu kwa kawaida halina dalili. Halimwumi mtu kichwa, halimzuii kula wala kulala. Linachosha mishipa ya damu polepole, linaupanua moyo, linaharibu figo, na siku moja mshipa wa kichwani hupasuka au kuziba, ndicho hicho kiharusi. Madaktari huhesabu kuwa presha ni kubwa ikiwa inafika 140 juu au 90 chini kila inapopimwa tena kwa siku tofauti. Hakuna njia nyingine ya kuijua isipokuwa kuipima.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo kubwa la damu, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui. Walio wengi kati ya watu hao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Hapa Uganda uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na hali hiyo, na walio wengi hawakuwa na habari nayo. Basi hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: katika benchi moja la kanisani au safu moja ya msikitini yenye watu wanane, wawili. Wa tatu ni yule anayedhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini.

Je, kuna mahali ambapo jambo hili lilijaribiwa kwa uaminifu, si kwa hotuba bali kwa kazi? Lipo, na nalileta ingawa ni la mbali, kwa kuwa waliohusika walikuwa wafanyakazi maskini kama tulivyo wengi wetu. Katika kijiji cha Glyncorrwg, kusini mwa Wales, kulikuwa na daktari wa familia aitwaye Julian Tudor Hart. Kijiji kilikuwa cha wachimba makaa ya mawe na familia zao, watu kama elfu mbili. Kuanzia mwaka 1968 daktari huyu aliazimia kupima presha ya kila mtu mzima aliyeandikishwa katika kliniki yake. Aliyekuja na kikohozi alipimwa. Aliyekuja na kidole kilichobanwa na jiwe alipimwa. Mama aliyemleta mtoto naye alinyoosha mkono akapimwa. Asiyekuja kabisa alitafutwa. Matokeo yakaandikwa, waliokutwa na tatizo wakaitwa tena, na asiyerudi akafuatwa nyumbani.

Hapakuwa na mashine za ajabu. Kulikuwa na mpira wa mkononi, kadi za karatasi, wauguzi wenye subira, na daktari aliyeishi palepale miongoni mwa wagonjwa wake. Baada ya miaka mingi yeye na wenzake walitoa hesabu yao, mwaka 1991, na ikaonekana kwamba vifo vya watu wasiofikia miaka 65 pale Glyncorrwg vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko katika kijiji jirani ambacho watu wake waliishi maisha yaleyale lakini bila utaratibu ule. Huyu ndiye daktari yuleyule aliyeandika mwaka 1971 kwamba huduma bora ya tiba huwapungukia zaidi wale wanaoihitaji zaidi. Nani miongoni mwetu aliyewahi kusafiri kutoka Karamoja hadi Kampala atakayembishia?

Sasa nisikilize upande wa wanaopinga, maana wapo, nao si wajinga. Wazee wetu hupenda kusema: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mtu mzima anayejihisi vema, wanasema, ukimpeleka kliniki atatoka na jina la ugonjwa, na jina hilo ndilo litakalomkondesha. Nakiri kwamba hofu hii ina mzizi. Nimeona askari hodari, aliyevuka mito usiku chini ya risasi, akitetemeka mbele ya chumba cha kutolea damu. Lakini adui aliye ndani ya handaki hakosi kuwapo kwa sababu tu doria haikutumwa. Na presha iliyokutwa mapema mara nyingi hushushwa kwa kidonge kimoja au viwili kwa siku, chumvi kidogo, na miguu kutembea. Kiharusi hakina kidonge cha namna hiyo.

Lipo pingamizi la pili, lenye nguvu zaidi, na wenye kuhubiri upimaji hulikwepa. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walikusanya majaribio yote waliyoyapata kuhusu ukaguzi wa jumla wa afya, yenye watu zaidi ya 180,000, wakaona kwamba walioalikwa kwenye ukaguzi huo hawakuishi muda mrefu kuliko ambao hawakualikwa. Mwaka 2019 walirudia hesabu kwa watu zaidi ya 250,000, jibu likawa lilelile. Je, basi tufunge daftari twende nyumbani?

La hasha, ila tusome vizuri. Majaribio yale yalifanywa Ulaya na Marekani, mahali ambapo mtu wa kawaida ana daktari wake, naye humpima presha hata akienda kwa mafua. Hao walioachwa bila ukaguzi maalumu hawakuwa wameachwa gizani kama sajini wangu. Aidha, ukaguzi wenyewe mara nyingi ulikuwa rundo la vipimo lililofanywa mara moja au mara chache, kisha basi. Ninaloliona mimi katika habari hii ni onyo dhidi ya biashara inayokua katika miji yetu. Zipo siku hizi kliniki zinazouza vipimo kwa mafungu: mtu hulipa fedha nyingi, hutolewa damu chupa baada ya chupa, hupigwa picha tumboni, kisha hurejea nyumbani na bahasha nene asiyoweza kuisoma, wala hakuna atakayemwuliza mwaka ujao imekuwaje. Wengine hupata hofu ya bure kwa kivuli kilichoonekana katika picha, wakauza ng'ombe ili kukitafuta. Kupima kila kitu si kujali afya. Ni kama kukagua rangi ya gari na kuacha breki.

Tangu mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kidogo cha mabwana wawili, Wilson na Jungner, kilichoweka masharti ya upimaji. Ugonjwa uwe mzito, uwe na kipindi cha kujificha, kipimo kiwe kinakubalika kwa watu, na tiba iwepo. La mwisho katika masharti yao ndilo ninalolipenda: kazi hii iwe ya kuendelea, isiwe ya mara moja ikaisha. Kwa masharti hayo, orodha ya mtu wa kawaida ni fupi sana. Presha kwa kila mtu mzima, kila mwaka. Sukari kwa aliyepita makamo, au mnene, au mwenye mzazi mgonjwa wa kisukari, ikifika 7.0 kabla ya kula, kwa kipimo cha milimoli, na ikafika tena siku nyingine, huo ni ugonjwa. Virusi vya UKIMWI kama tulivyozoea. Homa ya ini aina ya B, ambayo imewatesa sana ndugu zetu wa kaskazini. Asiyekuwa nayo achanjwe.

Kwa kina mama lipo moja ambalo siwezi kulipita haraka. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Uganda, nayo ni katika zile chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijawa saratani. Husababishwa na virusi, hukaa miaka mingi katika hali ya mabadiliko madogo, na mabadiliko hayo huonekana. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki nyepesi akatazama. Pakibadilika rangi kuwa peupe, mara nyingi pahali hapo hutibiwa siku ileile. Sasa kipo pia kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu mwaka 2021. Lengo lililotangazwa na shirika hilo mwaka 2020 ni kwamba wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kufikia umri wa miaka 35, na tena kufikia 45. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita, hivyo asingoje. Binti zetu wa miaka 10 wamekuwa wakichanjwa nchini kote tangu mwaka 2015, lakini chanjo ya binti haimlindi mama yake. Na hapa nawaambia wanaume wenzangu wa kambini na wa nje ya kambi: mama hafiki kliniki ikiwa nauli imo mfukoni mwako nawe unauliza, "Unaumwa nini?"

Hapo pana tofauti nyingine ya kuchekesha na kuhuzunisha. Mwanamke, kwa sababu ya mimba na watoto, hufika kliniki tangu ujana, hupimwa presha, hupimwa mkojo, huandikwa. Mwanamume hutoka mikononi mwa muuguzi aliyemchanja akiwa mtoto, na mara nyingi hukutana tena na muuguzi akiwa amebebwa. Askari ana bahati, kwa kuwa kuruta hapokewi bila kukaguliwa. Lakini bahati hiyo hubaki langoni siku anaporudisha sare.

Itaulizwa: huyo daktari wa familia yuko wapi? Wengi wetu hatuna daktari aliyetundika jina mlangoni. Tuna kituo cha afya cha daraja la tatu kilichoko makao ya kata, chenye afisa tabibu mmoja na wauguzi wachache, au kliniki ndogo ya mtu binafsi sokoni. Nasema hao ndio madaktari wetu wa familia, ilmradi twende kwa walewale kila mwaka. Thamani ya kliniki moja haimo katika ukubwa wa jengo, imo katika kumbukumbu. Mtu mwenye 128 mwaka juzi, 134 mwaka jana na 142 mwaka huu anasimulia hadithi ambayo kipimo kimoja cha mji wa mbali hakiwezi kuisimulia. Na muuguzi anayejua kwamba baba yako alikufa kwa kiharusi na shangazi yako amekatwa mguu kwa kisukari atakutazama kwa jicho jingine.

Tangu mwaka 2001 Serikali iliondoa malipo katika vituo vyake vya kawaida, na desturi yetu ya mgonjwa kuja na daftari lake la shule inajulikana. Daftari hilo tulidharau, tukaliandikia hesabu za duka na kulitumia kuwashia moto. Lihifadhiwe pamoja na hati ya shamba. Nami nadai kwa upande wa pili, bila kuuma maneno: kila kituo kiwe na mashine ya presha inayofanya kazi, na betri zake, na mpira wa mkono mnene pia, kwa maana mpira mdogo mno kwenye mkono mkubwa hudanganya. Na vidonge vya presha vipatikane mwezi hadi mwezi. Kumwambia mtu ana ugonjwa kisha kumwambia dawa zimekwisha ni kumfundisha asirudi. Waajiri nao, wa serikali na wa mashirika, wampe mfanyakazi asubuhi moja kwa mwaka bila kumkata mshahara. Jeshi hupoteza siku nyingi zaidi kwa askari mmoja aliyepooza.

Baada ya kutoka kwa sajini nilipita kituo cha afya kilichokuwa njiani nikaomba nipimwe. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na kitu, nakimbia kila alfajiri, na kazi yangu ni kuwaeleza wananchi mambo ya jeshi, wala sikutegemea kuelezwa jambo lolote. Muuguzi alifunga mpira, akasubiri, akafungua, akafunga tena. "148 kwa 94," akasema. "Umetoka mbali, umechoka, pengine ni hilo. Rudi wiki ijayo ukae kwanza." Nilirudi mara mbili. Ilishuka ikawa 138, na 86 kwa chini. Hakunipa dawa. Alinipa tarehe, akanikataza kuongeza chumvi mezani, akaandika.

Kwa sajini mambo yanakwenda taratibu. Mkono haujarudi, lakini neno "Afande" sasa analimaliza. Mwanawe wa kwanza, mwalimu mwenye umri kama wangu, alikataa kwenda kupimwa mara tatu, akaenda mara ya nne kwa kuwa mama yake alimtangulia kwenye foleni. Alikutwa na 156, na wiki mbili baadaye ikawa ileile. Anameza kidonge kila jioni. Daftari lake na la mama yake yamefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu, yanatundikwa ukutani juu ya kiti cha mzee, naye huyaomba kila mwisho wa mwezi ayakague.